Kumpokea Mbwa Aliyeachwa, na Hasa Aliye Mzee

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, Thika



Najua wako miongoni mwenu watakaouliza: chama kilichoundwa ili kuwasaidia wajane, wagonjwa na watoto wa shule kina haja gani na mbwa? Swali hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe kabla sijaomba neno lolote.

Wazee waikumbuka Ruiru ilipokuwa mikahawa mitupu, na Thika ilipokuwa mikahawa upande mmoja na mikonge upande wa pili. Siku hizi mashamba hayo yanakatwa ploti. Mji wa Tatu City umejengwa juu ya mashamba ya kahawa. Barabara ya Thika ilipokwisha kupanuliwa mwaka 2012 watu walizidi kumiminika, na hesabu ya watu ya 2019 ikaonyesha kwamba Ruiru imekwisha kuipita Thika yenyewe kwa wingi wa watu. Shamba linapouzwa, mwenyewe hupata fedha zake, vibarua huhama na masanduku yao, ng'ombe hununuliwa, hata mabati ya paa huvuliwa yakauzwa. Mbwa hana mnunuzi. Jamaa wakihamia ghorofa ya nne, na mwenye nyumba amekwisha kusema kwamba hataki mnyama, mbwa husalia langoni akilinda ua usio na mtu.

Hungoja siku chache, kisha njaa humpeleka jalalani na nyuma ya mabucha, na huko hukutana na wenziwe. Hapo ndipo jambo la mbwa linapokuwa jambo la chama. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika nchi hii mwaka 1912, karibu na Nairobi, na hata leo hakijatutoka. Serikali ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa maradhi hayo ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, tena kila mwaka. Lakini mbwa asiye na mwenyewe ataletwa na nani kwenye chanjo? Hana mtu wa kumshika kamba. Na wanaoumwa aghalabu ni watoto: Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kwamba watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wasiofika miaka 15.

Kwa kuwa nimelitaja hilo, sitalipita hivi hivi. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku iyo hiyo apewe chanjo. Asipakwe dawa ya miti shamba, wala asingojewe aonyeshe dalili, maana dalili zikisha kutokea karibu hapana anayepona.

Basi mbwa akipata mlango wa kulala, mtu wa kumlisha na sindano yake ya mwaka, mtaa mzima umepata kinga. Twaweza kuwapokea wangapi? Si wengi. Lakini kila anayepokewa na kufungwa uzazi ni hesabu kubwa: mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka.

Watu wakikubali kuchukua mbwa, hutaka mtoto. Mimi nawashauri mfikiri juu ya mzee. Mtoto wa mbwa hutafuna viatu, hulia usiku, hutaka chanjo baada ya chanjo, na tabia yake ya ukubwani hamwijui. Mbwa wa miaka minane mwaiona tabia yake siku ya kwanza. Ameishi na watu. Mara nyingi ameishi na watoto na kuku pia. Mkulima wa kahawa haung'oi mkahawa kwa sababu ni wa zamani, bali huukata kisiki ukachipua. Kweli, mbwa hachipui. Lakini masikio na pua alivyo navyo vyatosha kumjulisha mwenye ua kwamba pana mtu penye ukuta saa nane za usiku, na mbwa hahitaji meno ili abweke.

Matunzo yake si makubwa, ila yana namna yake. Chakula kiwe laini, kidogo kidogo mara mbili kwa siku: ugali uliochanganywa na omena au matumbo yaliyochemshwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kamwe, huvunjika ikachoma utumbo. Alale pakavu, juu ya gunia au blanketi kuukuu, maana baridi ya Julai ya huku kwetu huingia katika viungo vyake. Macho yakiwa na rangi ya bluu ya ukungu, hiyo peke yake si upofu. Lakini akikataa chakula siku mbili, aitwe daktari wa mifugo.

Wako watakaosema, “Nitamlisha nini, nami karo inanishinda?” Huyo asichukue mbwa, wala pasiwe na mtu wa kumlaumu. Aweza kumweka mmoja kwa majuma machache tu hadi apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Au aweza kutoa shilingi chache za chanjo ya mbwa wa jirani. Kule Nairobi, kwenye barabara ya Lang'ata, kiko chama cha KSPCA, kilichoanza mwaka 1910, nacho huokoa wanyama, huwatibu na kuwatafutia makao. Lakini makao yao hujaa, na kutoka Thika ni safari. Ndugu zetu Waislamu, ambao hawamwingizi mbwa chumbani, waijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kibanda cha uani chatosha.

Naiomba Kamati mambo mawili. Kwanza, Katibu awe na daftari la majina ya wenye ua wanaokubali kumweka mbwa kwa muda. Pili, kila mwanachama anayeuza shamba aulizwe mapema, kabla ya mabati kuvuliwa, mbwa wake watakwenda wapi. Liko boma moja ng'ambo ya mto Chania litakalobomolewa mwisho wa mwezi huu. Wamo mbwa wawili, jike wa miaka tisa na dume mwenye kuchechemea, wote wamechanjwa. Daftari liko mezani.