Mtu Aliyefaulu kwa Kazi Yake Ni Nani?

Sikilizeni, ninyi wababa na wamama wa migini iliyo karibu na Kolwezi, na Likasi, na Lubumbashi. Leo sianzi na habari ya mbegu. Ninawauliza neno moja: mtu aliyefaulu kwa kazi yake ni mtu gani?

Wengi watajibu: ni yule aliyetoka katika shimo na mafranka mengi, akanunua pikipiki, akafunika nyumba yake kwa mabati. Sisemi kwamba ni uongo. Pesa ni kitu kizuri, na kazi ya shimo si kazi ya wavivu. Mtu anayeshuka chini ya udongo na nyundo na kamba ana moyo. Lakini ingieni katika nyumba yake mwezi wa Januari. Mvua inanyesha, mahindi hayajakomaa, shimo limejaa maji, na wanunuzi wa kobalti wameshusha bei. Katika chungu kuna nini? Tazameni chungu, kisha mnijibu.

Kumbukeni mambo yaliyopita. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na vijana wengi wakatoka migini kwenda kuchimba shaba ya Union Minière. Miaka ya 1931 na 1932 bei ya shaba ilianguka katika dunia yote, na kampani ikarudisha maelfu ya watu kwao. Aliyekuwa bado na shamba la ndugu zake alipata pahali pa kuanzia. Gécamines, iliyofuata Union Minière, ilitoa katika kazi watu zaidi ya 10,000 tangu mwaka 2003, kila mtu na pesa yake ya mara moja. Mnawajua, wengine ni wajomba zenu. Pesa ile ilikwisha, lakini matumbo ya watoto hayakwisha.

Mwingine atasema: “Jembe ni utumwa.” Ninajua neno hili linatoka wapi. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri ya mashamba ya lazima. Mtu aliweza kuamriwa kulima siku 60 kwa mwaka, naye asiyelima alilipa faini ao alifungwa. Bei ya mavuno waliiweka wengine. Wazee walitoa jasho, na faida ikaenda kwa watu wasiowajua. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini kosa halikuwa la jembe. Leo unachagua wewe mwenyewe utakachopanda na mtu utakayemwuzia. (Na kama kampani ya madini inakuja kuharibu shamba lako, usinyamaze: sheria ya madini ya mwaka 2002 inaiamuru kukulipa. Kwa hiyo mwite chifu na mashahidi wahesabu mimea yako mbele ya mashini kuingia.)

Basi tutazame muhogo. Ukipanda mti mmoja kila metre moja, pande zote mbili, hektari moja inachukua miti 10,000. Usishangae: anza na robo, ni miti 2,500, na mtu na mke wake wanaiweza. Kata vipande vya sentimetre 20 mpaka 25, kutoka mimea yenye majani ya kijani tu. Majani yenye madoa ya manjano na kukunjana yana ugonjwa. Ukipanda mti ule, unapanda ugonjwa wenyewe. Katikati ya mistari tia karanga ao maharagi. Hayo utayavuna mbele, nayo yanasaidia udongo.

Mahindi yakikomaa, yanakuita siku ile ile, na fuko yanakula pamoja nawe. Muhogo unangoja katika udongo. Ukiwa na njaa mwezi wa Januari, unachimba shina mbili. Ukiwa mgonjwa, unaliacha shamba mwezi mmoja, na halikukasirikii. Majani ni sombe. Ule mchungu uloweke siku tatu ao nne, uukaushe vizuri, ndipo upige bunga. Mwaka 2024 Zambia ilipatwa na ukavu mkubwa, mahindi yakapungua. Mtu anayengoja bunga ya Zambia kwa bukari ya kila siku ameweka chungu chake katika mkono wa mvua ya inchi nyingine.

Nina neno moja kwa wababa, na wengine hawatalipenda. Katika migini mingi baba yuko shimoni, na mama analima peke yake, mtoto mgongoni. Muhogo ukiuzwa, baba anarudi kuhesabu pesa. Mke huyu amefanya kazi mwaka mzima, je, amefaulu? Pesa ya shamba ikae mikononi mwake. Utaona mwaka unaofuata shamba linapanuka, na watoto wanakaa katika masomo, hawaendi kuosha mawe ya kobalti mtoni.

Sisemi: acheni shimo. Ninasema: kateni majani mwezi wa Septemba, limeni mwezi wa Oktoba, mpande mvua ya Novemba inaposhika. Anayetaka kuchimba achimbe akiwa na shamba nyuma yake. Hapo mnunuzi akisema bei mbaya, ana nguvu ya kujibu hapana.

Kesho asubuhi tutapima mistari katika shamba lililo nyuma ya soko. Kila mtu alete panga, jembe, na kamba yenye fundo kila metre moja.