Tulivyokwenda Machakos Kumwona Bibi

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Wilaya ya Ikungi)



Wengi mlituuliza, "Mwalimu, mlipotelea wapi?" Hatukupotea. Tulikwenda Kenya, sisi, mama mtoto na binti yetu wa miaka 4, kumwona bibi yake. Leo tutawaeleza safari hiyo, pamoja na kosa letu. Mkitaka kucheka, chekeni.

Kwanza mjue bibi huyu alifikaje huko. Mama mkwe wetu ni Mkamba wa Machakos. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mtu wa hapa Singida. Alikuwa fundi wa reli Nairobi, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Walichumbiana huko. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwezi wa Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watanzania waliokuwa kazini kule walirudi kwao, naye akarudi. Mchumba akabaki Machakos.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka 6! Binti wa watu alingoja. Barua zilipita mikono mingi, nyingine zilifika zimechakaa. Tena hakujua kusoma. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyemsomea, na kila penye neno la mapenzi kijana alikohoa na kuruka mstari. Basi alipoolewa na kuja Singida mwaka 1984, jambo la kwanza alilotaka ni kuingia darasa la kisomo. Alitaka kujua mistari ile iliyorukwa ilisema nini.

Mzee alipofariki, mama alirudi kwao Machakos. Mwaka huu akapiga simu kwa binti yake. "Macho yananiishia. Nileteeni mjukuu nimwone ningali naweza kumwona." Ndugu zangu, maneno kama hayo hayangoji mavuno.

Tukaanza kutafuta karatasi. Mtanzania anavuka kwenda Kenya kwa pasipoti au kwa hati ya dharura ya safari. Mtoto naye awe na yake, hata kama anabebwa mgongoni. Ili apate hati, lazima awe na cheti cha kuzaliwa. Nyinyi wenye watoto chini ya miaka 5, sikieni: siku hizi cheti hicho hutolewa bila malipo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Msingoje mpaka siku ya haja. Cha binti yetu tulikuwa nacho, na Uhamiaji mjini Singida hatukupata taabu.

Kosa lilikuwa kwenye chanjo. Kenya ni nchi yenye homa ya manjano, na mtu akirudi Tanzania huulizwa kadi ya chanjo hiyo, mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea pia. Sisi wakubwa tulikuwa na kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Muda wake ulikuwa umepita, lakini hazikufa, kwa sababu tangu Julai 2016 kadi moja inatosha maisha yote. Hilo tulilijua, tukajiona wajuzi. Mtoto tukampeleka kuchomwa sindano siku mbili kabla ya safari. Muuguzi akatutazama. "Mwalimu, umesoma hapa?" Pameandikwa kwamba kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Hatukuwa tumesoma. Sisi tunaowaambia nyinyi kila siku, someni mpaka chini!

Tungeweza kwenda tukakadiria siku za kurudi. Lakini hatukujua bibi atatuweka muda gani, wala tukimkuta katika hali gani. Tukaahirisha kwa siku 10. Mama mtoto hakusema neno, ila usiku tulimsikia akijigeuzageuza. Siku ya 6 ikaja simu kwamba bibi ameanguka kwenye ngazi ya jikoni. Siku hizo zilikuwa ndefu.

Ya njiani hatutasema mengi. Singida, Katesh, Babati, Arusha. Tulilala Arusha, asubuhi tukaenda Namanga. Pale ofisi za nchi zote mbili zipo pamoja, unapita upande mmoja tu. Fedha badilisheni dukani penye leseni, si kwa watu wa barabarani. Noti moja ya 1,000 ya Kenya ni nyingi kuliko noti yetu ya 10,000, na macho huchanganyikiwa. Njia ya Namanga hukutana na barabara ya Mombasa pale Athi River, na hapo tulipanda gari la Machakos.

Nchi ile ni kavu kama yetu, lakini milima imekatwa matuta toka chini hadi juu. Wanayaita "fanya juu", kwa sababu wanachimba mfereji na udongo wanautupa upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji yanasimama shambani badala ya kukimbia na udongo. Tulimwuliza jirani mmoja maswali mpaka mama mtoto akatukumbusha kwamba hatukuja kukagua mashamba.

Bibi tulimkuta amekaa mlangoni, mguu umefungwa. Mtoto akasema, "Shikamoo bibi." Majirani wakacheka, kwao salamu hiyo si ya kawaida. Yeye akaitikia "Marahaba" kwa sauti iliyotetemeka, akamvuta, akampapasa paji la uso, pua, masikio. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Ana masikio ya babu yake," akasema. Binti yetu alikuwa mwoga siku nzima. Jioni ikaletwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharage. Akapiga kelele, "Kumbe makande!" Tangu hapo hakumwacha bibi hata akienda kuoga.

Tulikaa siku 9. Tulimpeleka bibi hospitali, akapewa tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza. Usiku wa mwisho alitoa barua za miaka ile zilizofungwa kitambaa, akamwambia binti yake asome kwa sauti, asiruke kitu. Sisi, kwa heshima ya ukwe, tulitoka nje.

Namanga, wakati wa kurudi, mhudumu wa afya alichukua kadi ya mtoto, akahesabu siku kwa vidole, akapita kwa zile 10, akaturudishia.