Ndiva ya Wapare na Mipaka ya Kozi za Chuo Kikuu



Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa fani moja, sheria. Leo fani ni nyingi, na mwanafunzi atokaye Chome, wilayani Same, huweza kukaa bweni moja na mwenzake wa Pemba au Kigoma. Kinachowaunganisha ni Kiswahili. Kinachowatenga, aghalabu, ni kozi.

Upareni, mkulima atajaye ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, hataji fani moja. Ndani yake mna uhandisi, sheria ya zamu, uhifadhi wa msitu utunzao chemchemi, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa matope. Chuoni mambo hayo husomwa mbalimbali.

Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970 ikifundisha kwa Kiswahili, na iliyounganishwa mwaka 2009 katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ina wajibu wa kuyakutanisha. Neno la Chasu likiachwa nje ya kamusi, elimu iliyomo hukosa mlango wa kuingilia darasani.