Tundu la Saba: Maneno Machache juu ya Bunduki ya Upepo na Magazini Yake

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu hapa Mwanza)



Katibu aliponiandikia kwamba nije niseme juu ya jambo nilijualo, nadhani alitazamia nitasema juu ya mashine za boti, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha hapa ufukweni zaidi ya miaka thelathini. Leo mashine za boti zikae. Nitasema juu ya bunduki ya upepo, na hasa ile ya siku hizi yenye magazini, kwa sababu moja ambayo nitaieleza nikifika mahali pake. Wenzangu wa miaka ya sabini wataanza kucheka sasa hivi, maana wanakumbuka nilivyokuwa napiga.

Kwa ajili ya vijana nieleze. Siku zetu kila shule ilikuwa na shamba, maana siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 haikuwa maneno ya ubaoni tu. Sisi tulilima mtama na mpunga. Mtama ukianza kukomaa walikuja kwelea kwelea, na ninyi mliozaliwa Magu, Kwimba na Misungwi hamhitaji kuelezwa wanavyokuja: kama moshi unaogeuka upande kwa upande. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na bunduki ya upepo, na kibali chake, akatuchagua wavulana wanne tukalinde shamba.

Nisiwadanganye. Bunduki ile haikuokoa hata debe moja la mtama. Ukipiga ndege mmoja katika kundi la maelfu umefanya nini? Waliookoa mtama ni watoto wa darasa la kwanza la sekondari waliosimama juu ya vichanja wakipiga madebe na kurusha kombeo. Lakini jioni, ndege wakishaenda kulala, mwalimu alitundika karatasi mbele ya gunia la mchanga wa ziwani, akatufundisha shabaha. Gunia lilikuwa la lazima. Mnaijua Mwanza yetu, kila unapogeuka ni mwamba, na punje ya risasi ikigonga mwamba hurudi na wala haikuulizi wewe ni nani.

Bunduki ile ilikuwa ya kukunja. Unashika mtutu unauvunja chini, springi inabanwa, unaweka punje moja kwa kidole gumba nyuma ya mtutu, unaufunga. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa inasukuma punje. Wenye kujua mashine wataona ni pampu tu. Punje yenyewe ina upana wa milimita 4.5 na uzito wa karibu nusu gramu, imefinywa kiuno katikati, na nyuma ina sketi nyembamba iliyo wazi. Hewa inapanua sketi hiyo hata ikashika michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, na michirizi ndiyo inayoizungusha punje kama pia. Pia isiyozunguka vizuri huanguka. Punje isiyozunguka vizuri hupotea njia. Kwa hiyo shabaha yote imo katika kile kisketi cha risasi laini, ambacho hata ukucha wako waweza kukipinda.

Jambo jingine kabla sijasahau. Sisi tulizoea kuweka punje mdomoni, tano sita, ili mikono iwe huru. Mwalimu alipotuona alitufukuza wote uwanjani kwa juma zima. Risasi ni sumu, na sumu yake haitoki upesi mwilini. Vijana, nawieni mikono baada ya kuzishika kabla hamjala, na mdomoni zisiingie kabisa.

Sasa nije kwenye magazini.

Fikira ya bunduki ya upepo yenye magazini si mpya kama watu wanavyodhani. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya upepo iliyotengenezwa na Bartolomeo Girardoni. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyojazwa hewa kwa pampu, na kando ya mtutu palikuwa na bomba lililobeba golori za risasi kama ishirini. Askari aliinua mdomo wa bunduki juu, golori ikashuka kwa uzito wake, akasukuma kipande cha chuma, akapiga. Wakati ule askari mwenye bunduki ya baruti alikuwa bado anashindilia risasi moja moja kwa ufito. Wamarekani Lewis na Clark walichukua bunduki ya upepo yenye magazini katika safari yao ya 1804 hadi 1806, wakawa wanaionyesha kwa wenyeji kila walikopita. Hata hivyo Waaustria waliiacha. Ilikuwa dhaifu, ilivuja, ilitaka mafundi na askari waliofundishwa sana. Nami nawaomba mshike neno moja: golori haina mbele wala nyuma, huviringika tu. Punje yetu ya leo ina sketi.

Hata katika bunduki za vita watu hawakuikabidhi magazini kila kitu. Mwanza ilipoangukia mikononi mwa Waingereza Julai 1916, wengi wa askari wa Kijerumani walikuwa wameanza vita ile na bunduki ya mwaka 1871, ya risasi moja moja, yenye moshi mwingi uliowafichua walipo. Bunduki ya Lee-Enfield ya Waingereza ilibeba risasi kumi. Lakini katika nyingi ya bunduki hizo paliwekwa kibati cha kufunga magazini, ili askari apige kwa kuweka risasi moja moja na zile kumi zibaki akiba ya wakati wa dhiki.

Niliipata yangu ya magazini uzeeni, kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama, tukafuata taratibu zote polisi. Sheria ya silaha iliyopo ni ya mwaka 2015, na anayedhani kwamba ya upepo ni mdoli tu, kwanza aende kituoni akaulize. Magazini yenyewe ni gurudumu dogo lenye matundu kumi, na ndani yake springi nyembamba ya kuligeuza. Ukirudisha boliti, gurudumu linageuka tundu moja. Ukiisukuma mbele, kijiti kinaitoa punje katika tundu na kuiingiza katika mtutu. Ni raha kweli kweli. Kumi mfululizo bila kupapasa mfukoni.

Lakini haikupiga kama nilivyozoea. Punje tisa zilikwenda pamoja, moja ikapotea upana wa kidole. Nikajilaumu: uzee, macho, mkono. Nikaulaumu upepo wa ziwa, nao kweli una lawama zake. Mchana nchi kavu ikipata moto, upepo hutoka ziwani kuja bara, na punje ya nusu gramu ikienda mita thelathini husukumwa vidole viwili au zaidi. Basi nikawa napiga alfajiri, ziwa likiwa limetulia, kwa mita kumi tu, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Bado moja inapotea.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wa fizikia. Nilichukua kalamu nikaandika namba kwenye matundu ya gurudumu, 1 hadi 10, na karatasi kumi zenye namba zile zile. Punje ya tundu la kwanza ikapigwa kwenye karatasi ya kwanza, ya pili kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, mizunguko mitano. Kisha nikatoa magazini, nikapiga punje hamsini nyingine kutoka kopo lile lile, moja moja kwa kidole.

Za kidole karibu zote zingefunikwa na sarafu ya shilingi 100. Za magazini pia, isipokuwa karatasi ya namba 7. Hiyo ilikuwa imetapakaa. Nililitazama tundu la saba kwa kioo cha kukuzia, nikaona ukingo wake umevimba kidogo sana, pengine uliwahi kuangushwa. Tundu lile halikukaa sawasawa na mtutu, na kila punje ilipopita ilikwanguliwa sketi upande mmoja. Kwa miezi mingi nilikuwa najilaumu kwa kosa la gurudumu.

Katika ufundi wangu nimeona watu wengi wakisema mashine ni nzima kwa kuwa inawaka mara tisa katika kumi. Ukiwa katikati ya ziwa baina ya Ukerewe na Mwanza, ile mara ya kumi ndiyo mashine yenyewe. Anayelenga shabaha naye ana tabia ya kusema, hii moja tusiihesabu, mkono uliniteleza. Ihesabuni. Iandikieni namba.

Magazini ina maradhi mengine, nayataja kwa haraka. Punje ndefu kuliko unene wa gurudumu hukwama. Springi ikichoka gurudumu halifiki mwisho wa mwendo wake. Vumbi letu la kiangazi likichanganyika na mafuta huwa ugoro ndani ya gurudumu, kwa hiyo ifutwe kwa kitambaa kikavu na mafuta yasizidi. Kwenye bunduki ya springi mafuta yakizidi mbele ya pistoni huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama vile dizeli inavyowaka katika injini, na punje hiyo moja hutoka kwa kasi isiyo yake. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ya mita kumi imekuwapo tangu Los Angeles 1984, na ambako kumi yenyewe ni nukta ya nusu milimita, mpigaji huweka punje moja moja mpaka leo.

Sasa ile sababu niliyowaahidi.

Baada ya kuliziba tundu la saba niliiamini bunduki yangu kabisa, na hapo ndipo nilipokosea. Siku moja nilikwenda kwa dada yangu upande wa Sengerema, mpunga ukiwa umekomaa. Nilipiga piga, nikachoka, nikatoa magazini nikaiweka mfukoni, nikaiegemeza bunduki kwenye mwembe. Kwangu mimi bunduki ilikuwa tupu. Magazini si hii hapa mfukoni? Nilisahau kwamba kabla ya kuitoa nilikuwa nimeisukuma boliti mbele. Punje moja ilikuwa tayari imo mtutuni, haiko tena katika hesabu ya magazini. Na usalama sikuufunga.

Mtoto wa jirani akaichukua akacheza. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa amesimama hatua sita akimenya embe. Punje ilimpasua sikio. Daktari alitupimia kwa kidole chake nafasi iliyobaki kutoka pale hadi jichoni, akasema maneno machache tu, nami nilitamani angesema mengi.

Dada yangu hakunigombeza. Aliniuliza, “Kaka, si ulisema haina kitu?” Nilikuwa nimesema hivyo, tena mbele ya watoto wote.

Ile ya kukunja ya mwalimu wetu isingenidanganya hivyo kwa urahisi, kwa kuwa ili kujua kama ina punje ulivunja mtutu ukachungulia, na mwanga ulipita au haukupita. Magazini inakuonyesha punje zilizomo ndani yake. Iliyokwisha ingia mtutuni haikuonyeshi. Kuna hatari nyingine ya namna hiyo: ukisahau kwamba umekwisha vuta boliti, ukaivuta tena, bunduki nyingi zitaweka punje ya pili nyuma ya ya kwanza. Siku hizi nikimaliza, natoa magazini kwanza, halafu naelekeza mtutu kwenye gunia la mchanga, nafyatua, nafungua boliti na kuiacha wazi, natia kidole kupapasa. Kila mara, hata kama nina hakika.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha tatu. Amenikataza kumtaja shule, basi nisimtaje. Kovu lake analificha kwa kofia, na kofia shuleni ni marufuku, kwa hiyo walimu wake humgombeza kwa kosa langu.

Bunduki sikuja nayo, Ndugu Mwenyekiti, wala sikuombwa. Zile karatasi kumi nimezibandika kwenye ubao wa darasa la fizikia, pamoja na gurudumu lenyewe likiwa na namba zake, na kioo cha kukuzia kipo juu ya meza. Vijana waende wakalitafute lile tundu wenyewe kabla ya chakula.