Hao 19,000 ni kina nani?

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wanaosimamia kurasa za vikundi vyetu vya mtaani. Baadhi yenu mliomba yaandikwe, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana tuliandaa siku ya kuwasaidia waliomaliza kidato cha nne kujaza fomu za basari. Tuliwakusudia vijana wa miaka 18 hadi 24, wavulana kwa wasichana, wa Likoni tu. Tukachanga shilingi 3,000, tukalipia tangazo kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Baada ya siku tano ripoti ikaja: watu 19,000 wamefikiwa. Nikapiga picha ya skrini, nikaituma kwenye grupu ya kamati, nikapewa hongera mpaka nikaona haya.

Siku yenyewe walikuja kumi na wanne. Nilisimama mlangoni nikiuliza kila mmoja amesikia wapi. Kumi na mmoja walisikia msikitini au kwenye WhatsApp ya mtaa. Wawili ndio walioona tangazo. Mmoja alikuwa amemsindikiza mwenzake. Na simu ya kwanza kabisa iliyoingia kwenye ile nambari ya tangazo ilitoka kwa mzee wa Eldoret, anauliza kama tunatoa mikopo.

Jioni kwenye kikao mzee mmoja wa kamati akasema, "Mwaona? Watu elfu kumi na tisa wameambiwa, wamekuja kumi na wanne. Vijana wa siku hizi hawataki kusaidiwa." Na mimi, wallahi, nilikubali kwa kichwa.

Hapo ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu yule mzee hakukosea kugawanya. Alikosea kuamini kwamba wale 19,000 ni vijana wa Likoni. Hakuna aliyeuliza ni kina nani.

Mtandao unakupa nambari moja kwa herufi kubwa: waliofikiwa. Nambari unayoihitaji ni nyingine: katika hao waliofikiwa, wangapi ni wale uliowakusudia? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua walengwa walioliona tangazo, gawanya kwa wote walioliona, zidisha kwa mia. Tuseme umelipa shilingi 2,000 na watu 10,000 wameona. Unafurahi, senti 20 kwa kila mtu. Lakini kama walengwa ni asilimia 30, umewafikia 3,000, na kila mmoja amekugharimu kama senti 67. Wale 7,000 wengine umewalipia pia.

Kazi ngumu ni kujua nani ni nani. Kampuni haikuoni uso, inakisia. Inaangalia tarehe ya kuzaliwa uliyoandika (na sote twajua tuliandika nini tulipofungua akaunti tukiwa darasa la saba), inaangalia unachobonyeza na mahali simu ilipo. Sasa chukua simu ya mama inayoshikwa na watoto watatu baada ya magharibi. Kwa mashine hao wote ni mtu mmoja, mama wa miaka arobaini anayependa mapishi, kandanda na katuni.

Makisio haya yameshapimwa na watu wenye ujuzi. Mwaka 2019 jarida la Marketing Science lilichapisha utafiti wa Nico Neumann na wenzake wawili. Walichunguza makundi zaidi ya 90 ya walengwa yanayouzwa na madalali 19 wa data, yaani kampuni zinazokusanya nyayo zetu za mtandaoni na kuziuza kwa wenye matangazo. Kwenye jambo rahisi kabisa, kujua kama mtu ni mwanamume au mwanamke, wastani wa usahihi ulikuwa kama asilimia 42. Ungerusha sarafu hewani ungefanya vizuri zaidi, na sarafu haikutozi pesa ya ziada. Kwa hivyo mtu akikuambia tangazo limewapata walengwa kwa asilimia 40, muulize: bila kuchagua yeyote, ningewapata wangapi? Kama jibu ni 40 vilevile, kuchagua kwako hakukuongeza kitu.

Tena anayekuuzia ndiye anayejisahihishia mtihani. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa miaka miwili ilikuwa ikitaja wastani mkubwa mno wa muda ambao watu hutazama video, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde tatu hawakuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 2019 ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya wenye matangazo. Katikati yake, mwaka 2017, mchambuzi mmoja wa soko aligundua kwamba Facebook inawaambia wateja inaweza kuwafikia Wamarekani milioni 41 wa miaka 18 hadi 24, ilhali takwimu za sensa zilionyesha wenye umri huo ni kama milioni 31. Kampuni ikajibu kwamba makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Sawa. Lakini nyinyi mnayo sensa ya 2019 kata kwa kata. Kabla hujalipa, weka ile nambari ya mtandao kando ya ile ya sensa, uone kama zinasalimiana.

Hata neno "kuona" liulizeni. Kipimo kinachotumika sana kwenye biashara hii, cha Media Rating Council ya Marekani, kinasema tangazo la picha limeonekana ikiwa nusu yake imekaa kwenye kioo kwa sekunde moja. Video, sekunde mbili. Kidole chako chapita haraka kuliko hivyo.

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya nisilale. Mwaka huohuo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Boston, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southern California na shirika la Upturn, walilipia matangazo ya kazi kwenye Facebook. Walengwa waliowachagua walikuwa walewale kwa matangazo yote, hawakusema nataka wanaume wala nataka weupe. Tangazo la kazi za mbao, lilipoelemea upande mmoja zaidi, liliwafikia watu ambao asilimia 90 walikuwa wanaume na 72 walikuwa weupe. La keshia wa supamaketi, asilimia 85 wanawake. La kampuni ya teksi, asilimia 75 watu weusi. Mashine ndiyo iliyoamua nani aoneshwe kazi gani, kwa kukisia nani atabonyeza.

Angalia walivyolipima, maana ndiko kuna elimu kwetu. Facebook haitoi ripoti ya rangi ya mtu. Wao wakachukua daftari la wapiga kura la North Carolina, ambalo huandika rangi. Wakawaweka wazungu wa maeneo fulani na watu weusi wa maeneo mengine katika kundi moja la walengwa. Ripoti ilipokuja kwa maeneo, eneo likawatajia rangi. Kisha wakarudia kwa picha zilizofifishwa mpaka jicho la binadamu linaona weupe mtupu lakini kompyuta bado inaisoma. Tangazo likaendelea kuelemea upande. Yaani mwegemeo haukutoka kwa watu waliobonyeza, ulitoka kwenye ukisio wa mashine.

Serikali ya Marekani ilishaifungulia Facebook mashtaka ya ubaguzi kwenye matangazo ya nyumba Machi 2019. Juni 2022 Meta ilikubaliana na Wizara ya Sheria kutengeneza mfumo wa kupunguza tofauti kati ya walengwa waliostahili kuona tangazo la nyumba na waliooneshwa kweli. Faini ilikuwa dola 115,054. Kwa kampuni ile, hiyo ni nauli ya matatu.

Rudi Likoni. Baada ya kusoma hayo nilifungua ripoti yetu ya zamani, nikaenda kwenye mgawanyo wa umri, jinsia na eneo, ukurasa ambao sikuwahi kuugusa. Kundi kubwa lilikuwa wanaume wa miaka 25 hadi 34, na wengi wao hawakuwa hata kaunti ya Mombasa. Kulikuwa na kitufe cha kupanua walengwa, kilichowashwa tangu mwanzo, nami sikukizima. Wasichana wa miaka 18 hadi 24, ambao ndio tuliokuwa tukiwahurumia kwenye kila kikao, walikuwa wachache kuliko makundi yote. Hawakukataa basari. Hawakuambiwa. Niliipeleka ile ripoti kwa yule mzee. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kumbe tumewasingizia."

Kuna waliouliza kwa nini tusichague Waislamu tu. Kwenye mitandao ya Meta chaguo za mambo ya dini ziliondolewa Januari 2022, na mimi sisikitiki. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu imani kuwa data nyeti. Na hapa kwetu hakuna haja ya kueleza sana kwa nini orodha ya majina, simu na dini si kitu cha kuacha kwenye kompyuta ya ofisi. Kwa hivyo tukipima, tunapima kwa mistari kwenye karatasi: umri, mtaa, umesikia wapi. Jina hatuulizi, kitambulisho hatuulizi.

Tangazo lijalo la basari tutalipia mara mbili kwa pesa sawa, moja la Likoni na moja la Kisauni, kile kitufe kikiwa kimezimwa. Kila moja litakuwa na neno lake la kutaja mlangoni: jahazi kwa Likoni, tausi kwa Kisauni. Baada ya siku mbili tutafungua mgawanyo. Tukiona wasichana wameachwa nyuma, pesa iliyobaki tutailipia tangazo lao peke yao. Na tangazo la msikitini litasomwa kama kawaida, na litakuwa na neno lake pia, ili tuache kubishana.

Nahitaji watu wawili wa kusimama mlangoni na kalamu kuanzia saa mbili asubuhi. Mmoja awe dada, kwa sababu mara iliyopita wasichana hawakupenda kuulizwa umri na mimi.