Kwa Nini Mkono Unakimbia Kusambaza?



Haya nilizungumza na vijana hapa Kakamega baada ya swala ya Alasiri. Wengine mlikuwa kazini mkaomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu na nilivyoyasema.

Hebu nianze na chai. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Kabla mwezi huo haujaisha, usiku mmoja simu zikaanza kulia huku kwetu Magharibi. Ati kuna mtoto mchanga amezaliwa akaongea, akasema watu wanywe strungi bila sukari ndio korona isiwapate. Watu waliamshana usiku wa manane, majiko yakawashwa. Kama ulikuwa huku wakati huo unakumbuka, na pengine kikombe ulishika.

Mimi nilipigiwa na mama. Yeye alikuwa amepigiwa na shangazi kutoka Mumias. Nilicheka, lakini wallahi nilikunywa.

Sasa usiseme mama ni mjinga. Mama yangu akienda sokoni anahesabu chenji mara mbili. Lakini usiku ule hakujiuliza, "Hii ni kweli?" Alijiuliza swali lingine kabisa: "Na kama ni kweli, halafu sikumwambia mwanangu?" Kijiko cha majani ya chai ni bei gani? Na kunyamaza je, kukigharimu mtoto? Ukipiga hesabu hiyo, utapiga simu.

Hapo ndipo tunapokosea tukisema watu wanasambaza uongo kwa sababu hawajasoma. Wengi tunasambaza kwa sababu tunapenda watu wetu na tunaogopa. Pia tunataka tuonekane tuko pamoja nao. Ukituma kitu kwenye grupu la WhatsApp mtu akajibu "Asante kwa taarifa", unajisikia mtu wa maana, si ndio? Mimi pia.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Jonah Berger na Katherine Milkman, walitoa utafiti juu ya makala karibu 7,000 za gazeti la New York Times. Walitaka kujua zipi wasomaji wanatumiana sana kwa barua pepe. Zilizosambaa zaidi ni zile za kushangaza sana, za kukasirisha, na za kutia wasiwasi. Za huzuni tupu hazikwenda mbali. Huzuni inakukalisha chini, hasira inakuinua. Ndio maana mwenye kutunga uongo hakuandikii jambo la kukuhuzunisha tu. Anakutafutia la kukuchemsha damu.

Halafu mwaka 2018 watafiti wa MIT wakachunguza habari kama 126,000 zilizopita Twitter kati ya 2006 na 2017. Uongo ulikuwa unakimbia kuliko ukweli, na si mashine zilizoubeba zaidi, ni binadamu. Uongo una kitu kipya, na kila mtu anapenda kuwa wa kwanza kuleta kipya.

Niwaambie langu. Miaka kadhaa nyuma, picha ya kijana mmoja iliingia grupu letu, imeandikwa ni mwizi wa simu, akionekana ashikwe. Aliyeituma ni mzee tunayemheshimu. Nilikuwa nimeibiwa simu mwezi ule ule. Sikusoma hata mara mbili. Niliituma magrupu manne, na nikaongeza maneno yangu ya hasira juu. Kijana alikuwa fundi wa simu, na simu aliyoshikwa nayo aliletewa atengeneze kioo. Lakini ukweli huo ulipokuja, yeye alikuwa amelala kwa jamaa zake wiki nzima akiogopa kurudi mtaani. Mnajua mwizi anavyofanywa hapa kwetu. Tairi na petroli haviulizi risiti.

Niliomba msamaha kwenye magrupu yale yale manne. Picha ilikuwa imesambazwa na watu sijui wangapi. Msamaha wangu uliishia hapo nilipouandika, hakuna aliyeupeleka mbele. Nilifuta picha pia, lakini ukifuta kwako hujafuta kwenye simu za watu.

Na mimi aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat, ya kuchunguza habari kabla ya kuitenda, nilikuwa naijua tangu madrasa. Kwa hivyo shida haikuwa kutojua. Shida ni kwamba kidole kilifika kabla ya aya.

Kuna watafiti, akina Gordon Pennycook na David Rand, walioliona jambo hilo hilo kwa njia yao. Watu wengi wakiulizwa wanasema ukweli ni muhimu kwao, na hawadanganyi. Ila wakati wa kusambaza, akili yao iko kwingine. Walipoulizwa kwanza kuhusu kichwa kimoja tu cha habari, "Unaonaje, hiki ni sahihi?", walikuwa makini zaidi na walichosambaza baadaye. Swali moja tu. Hata WhatsApp, mwezi Aprili 2020, waliamua kwamba ujumbe uliopita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, upelekwe gumzo moja kwa wakati mmoja. Hawakuuzuia, waliuchelewesha.

Kwa hivyo mimi siku hizi nikisikia damu imepanda, naweka simu chini kwanza. Kama ni picha ya mtu, natafuta anayemjua nimpigie. Mara nyingi hasira inaisha kabla simu haijapokelewa.

Juzi nilimuuliza mama kuhusu ile strungi. Akasema, "Mwanangu, na kama ningenyamaza na ikawa kweli?" Nikamwambia chai haina neno, mama, ila picha ya mtu si chai. Nikamsimulia ya yule fundi, maana nilikuwa nimemficha miaka yote hii. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama alirudi kazini.

Nikamwambia alirudi, lakini si hapa mjini.