BUSTANI YA RAIA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeulizwa dukani, si mara moja, kwa nini chama kipoteze wakati kwa khabari za mikoko na mchanga, na hali kura zetu wenyewe twazililia. Swali hili ni la haki, nasi twapenda kulijibu kwa yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1989 nchi ile ilikuwa na chama kimoja tu kwa mujibu wa sheria, na mwenye kuwasema watawala aliijua njia ya jela. Ndipo ilipojulikana kwamba ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote mjini Nairobi, litasimamishwa jumba la ghorofa 60. Bibi Wangari Maathai, ambaye jumuiya yake ilikuwa ikipanda miti tangu 1977, akawaandikia barua wakubwa, akiuliza bustani ya raia yagawiwa kwa idhini ya nani. Bungeni alitukanwa, na jumuiya yake ikatolewa katika ofisi. Lakini wafadhili walijitoa, na jumba halikujengwa.

Disemba 1991 kifungu kilichokataza vyama vingi kikafutwa. Tusiseme uongo, hakikufutwa kwa ajili ya miti. Mawakili, viongozi wa dini na waliolala kizuizini wana fungu kubwa zaidi. Ila mwaka 1992, mama wa wafungwa wa siasa walipotaka pahali pa kugoma kula, walikwenda kukaa katika bustani ileile. Lau jumba lingalijengwa, wangalikaa wapi?

Wala mti haulindi sanduku la kura. Januari 1999 Bibi yule alipigwa hata akatoka damu akiutetea msitu wa Karura; mwaka 2002 akachaguliwa Mbunge; na baada ya uchaguzi wa 2007 damu ya raia ikamwagika. Tulichojifunza ni hiki: mtu aogopaye kutaja siasa haogopi kutaja kisima chake, na akisha kuuliza nani katoa kibali, amekwisha kuanza kuihoji serikali.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liandike mikoko ilipokatwa na mchanga ulipochotwa, na kwa kibali cha nani. Wasio wa chama chetu nao waitwe, watie saini. Barua iende kwa sheha, nakala ibaki tawini. Karatasi za barua za mwanzo tutazitoa dukani.